Timu yenu si Probox

Kuna mtindo umeingia kwa timu nyingi za vijana huku kwetu, kutoka Embu mjini mpaka Meru, na mimi naupenda nusu. Mnakodi kachumba, mnanunua karatasi ya manila, mnachora safu tatu, mnaandika "Kufanya", "Inafanywa", "Imeisha", mnabandika vikaratasi vya manjano, halafu mnapiga picha na kuposti: "Sisi sasa tunatumia Kanban." Hongera. Picha ni safi. Lakini nikiangalia ile safu ya katikati nahesabu vikaratasi kumi na vinne, na timu ni ya watu wanne. Hiyo si Kanban, wasee. Hiyo ni Probox ya Maua.

Kama hujawahi kuipanda, nikueleze. Probox ni gari ya Toyota yenye viti vya watu watano. Jioni ya siku ya soko, dereva amegawana kiti chake na abiria, kando yake wamekaa wawili, nyuma wanne wamepishana mabega, na kwa buti watatu wanaangalia barabara ikirudi nyuma. Kumi na mmoja. Mwenye gari anaona nauli kumi. Sasa subiri yule wa katikati aseme "nishukishe hapo mbele". Mlango unafunguliwa, wawili wanashuka ili mmoja atoke, mama anashuka na kuku wake, gunia linashushwa, kiatu cha mtu kinatafutwa, halafu wote wanapanda tena na kuanza kupangana upya. Mita mia mbili mbele, mwingine anashuka. Hakuna aliyelala, dereva hajazembea, na bado safari ya dakika ishirini imekula saa nzima.

Hivyo ndivyo kazi kumi na nne zinavyokaa ndani ya watu wanne. Kila mmoja yuko bize mpaka jasho, na kila kazi inayotaka kutoka lazima ishushe zingine kwanza.

Kichekesho ni kwamba Kanban yenyewe ilitoka Toyota. Mwaka 1950 hiyo kampuni ilikaribia kufilisika, kwa hivyo haikuwa na pesa za kujaza stoo vipuri ambavyo vingekaa miezi vikingoja kutumika. Mhandisi wao, Taiichi Ohno, alivutiwa na jinsi supamaketi za Marekani zinavyofanya kazi: mteja anachukua kitu kwenye rafu, pengo linaonekana, pengo linajazwa. Hakuna anayeleta mikate mia wakati rafu bado imejaa. Akaihamishia hiyo akili kiwandani. Karakana ya mbele ikitumia kisanduku cha vipuri, kadi iliyokuwa kwenye kisanduku inarudishwa nyuma, na hiyo kadi ndiyo ruhusa ya kutengeneza kisanduku kingine. Hakuna kadi, hakuna kutengeneza, hata kama mashine iko wazi na fundi amekaa. Kadi zilianza kutumika mwaka 1953. Na neno kanban kwa Kijapani ni kibao au bango tu, kama kile cha kinyozi.

Rudia kile kipande cha fundi amekaa. Hapo ndipo wengi wetu tunaachwa na gari. Tumefunzwa tangu shule kwamba mtu aliyekaa ni mvivu, kwa hivyo tukiona mtu amemaliza tunamtupia kazi nyingine, hata kama hiyo kazi itaenda tu kulala kwenye meza ya mtu wa mbele yake. Toyota walisema bora ukae, au uende umsaidie yule aliyelemewa.

Mama wa duka mtaani kwenu anaelewa hii kitu bila mtu kumfundisha. Akitaka kreti ya soda za chupa, anarudisha kreti yenye chupa tupu 24. Gari ya soda ikija na yeye hana tupu, hapewi nyingine hivi hivi tu. Zile tupu ndizo zinasema soda zimeuzwa, na zinamzuia kujaza duka soda ambazo hakuna mtu amezinywa. Sasa linganisha na bodi yenu. Kikaratasi cha manjano kinauzwa bei ya peremende, pakiti nzima. Mtu yeyote anaweza kuandika kingine saa yoyote na kukibandika. Hamna kreti tupu popote kwa hiyo ofisi. Hakuna kitu kinachowaambia "ngoja".

Kwa maoni yangu, namba iliyoandikwa juu ya safu ndiyo Kanban. Rangi, mistari na programu za simu ni mapambo. Kama juu ya "Inafanywa" hakuna namba, au iko na mnaivunja kila Jumatatu, toeni hiyo karatasi ukutani mfungie nayo chapati.

Nasema hivi kwa sababu nimeona tofauti kwa timu yetu, na kuna mtu tulikuwa karibu kumpoteza.

Sisi ni watano na tunafanya video: harusi, ruracio, mahafali, matangazo ya maduka. Wawili wako Embu, wanapiga. Watatu tuko Meru: bosi, dada wa kuhariri, na mimi wa sauti, maandishi na kuposti. Video ya harusi ikitoka kwa kamera ni mzigo mkubwa sana kutumwa kwa intaneti, bando ingemaliza faida yote. Kwa hivyo Embu wanaijaza kwenye diski ya nje, wanaipa matatu ya Meru kama paseli, inapitia Runyenjes, Chuka, Nkubu, na mimi naipokea stejini. Kadi za kamera hazifutwi mpaka tuseme imefika na inafunguka.

Zamani diski zilikuwa zinanunuliwa kila zikijaa. Bosi akipata kazi, hewani. Kuna wakati tulikuwa na kazi kumi na moja zimefunguliwa na mhariri ni mmoja. Bibi harusi wa upande wa Runyenjes alipata video yake akiwa na mimba ya miezi saba, na alituambia kwa simu kwamba angetaka ile gauni tumrekebishie kiuno imtoshe sasa. Tulicheka. Mhariri wetu hakucheka. Yeye alikuwa anaamka na harusi ya Runyenjes, saa nne bosi anampigia kuhusu tangazo la duka, saa nane mteja wa ruracio yuko mlangoni anataka "aone tu kidogo", usiku anarudi kwa Runyenjes na hakumbuki aliachia wapi. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mimi sichoki na kazi. Nachoka na kuanza upya." Wiki hiyo alikuwa ameshatuma barua ya kazi Nairobi.

Ndipo tukakubaliana kuhusu diski. Za Embu ni tatu, basi. Diski moja, kazi moja. Diski hairudi Embu mpaka kazi iliyo ndani yake imelipwa na kufutwa. Embu wakiona hawana diski tupu, hawapigi kazi mpya, wanaita mteja na kumpa tarehe ya mbele. Meru nako tukaweka kazi tatu, kwa namba iliyoandikwa ukutani kwa maka nyekundu. Jumla sita. Na kwa meza ya mhariri, yeye mwenyewe akasema mbili. Sikuona mtu akibishana naye, na sidhani kuna mtu angekuwa na uso wa kufanya hivyo.

Zile diski zilifanya kazi kuliko bodi yoyote niliyowahi kuona, na sababu ni rahisi: huwezi kudanganya diski. Kikaratasi unaweza kukificha nyuma ya kingine. Lakini ukikosa chombo cha kuwekea video, umekosa. Diski tupu ikishuka pale steji ya Embu, huo ndio ujumbe, hata usipopiga simu.

Wanaopenda hesabu, hii hapa. Mwaka 1961 profesa wa Marekani anayeitwa John Little alithibitisha kanuni ambayo hata mtu wa kusaga unga anaihisi: muda wa kungoja ni wingi wa vitu vilivyo ndani ukigawanya kwa kasi ya vinavyotoka. Sisi tulikuwa na kazi kumi na moja ndani, tunamaliza mbili kwa wiki. Kumi na moja gawa kwa mbili, wiki tano na nusu. Huyo ni mteja wa kawaida, si yule mwenye bahati mbaya. Tukiwa na sita na kasi ile ile ya mbili, ni wiki tatu. Hatujanunua kompyuta mpya, hatujaajiri mtu, hatujalala ofisini, na mteja amepunguziwa karibu nusu ya subira. Halafu mhariri alipoacha kuruka kutoka kazi moja hadi nyingine, tukaanza kumaliza tatu kwa wiki. Sita gawa kwa tatu, wiki mbili. Hapo ndipo simu za kugombezwa zilianza kupungua.

Sasa najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeambiwa mara nyingi: "Wewe unaongea kama mtu wa mshahara. Huku mtaani kazi haikataliwi. Ukikataa leo, kesho mteja yuko kwa mtu mwingine."

Hili si neno la kupuuza. Vijana wa huku hawana akiba ya kuchezea, na njaa haijui safu. Ukweli ni kwamba tulipoanza kutoa tarehe za mbele, kuna wateja walienda. Wawili ninaowakumbuka vizuri, na mmoja alikuwa na kazi ya pesa nzuri. Iliuma. Sitawadanganya kwamba Kanban haina gharama.

Lakini hebu tuangalie kile kinachoitwa "kutokataa". Kazi uliyoipokea na kuilaza wiki sita umeikataa, ni vile tu hujamwambia mwenyewe. Umechukua malipo ya kwanza, umekula, na sasa unamkwepa kwa simu. Mteja wa aina hiyo haendi kimya kimya kama wale wawili wetu. Yeye anaenda akiongea, na Meru ni mji mdogo, Embu ni mdogo zaidi. Kwa upande mwingine, mtu uliyemwambia "naweza kuanza tarehe kumi na tano, nikikudanganya nidai" ana nafasi ya kuamua kama mtu mzima. Wengi hungoja. Watu wa huku hawana shida na kungoja. Shida yao ni kutojua wanangoja nini.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko watu watano na diski, uko mlimani. Kiwanda cha chai kama Mungania au Rukuriri upande wa Embu, au Githongo na Kionyo upande wa Meru, kinapokea majani mabichi kutoka kwa maelfu ya wakulima. Yakifika, hayaendi kwa mashine ya kukata moja kwa moja. Yanatandazwa kwenye vitanda virefu vinavyopulizwa hewa, yanyauke kwa saa nyingi, ndiyo yakatwe, yachachuke, yakaushwe, yachambuliwe. Vitanda vina mwisho. Mvua ikinyesha vizuri na kila mtu achume kwa pupa siku moja, mzigo unaozidi vitanda unabaki umeshindiliwa kwa magunia, unapata joto, majani yanaanza kuwa mekundu kabla hata ya kuonja mashine. Ulichuma, ulibeba, ulipanga foleni kituoni, na umeharibu. Yule mzee wa Githongo anayejua kwamba lori lake linapita jioni na kwamba linataka majani mawili na chipukizi, anachuma cha kutosha lori. Nguvu ya kuchuma zaidi anayo, na majani yapo. Ila anajua chai hailipwi ikiwa kwa gunia.

Nitakuwa mkweli, chai si Kanban kamili, kwa sababu jani halingoji kadi, linamea tu. Lakini ukomo wa vitanda unasafiri mpaka kwenye kidole cha mchumaji, na hiyo ndiyo sehemu ninayotaka muione. Kwa timu yetu kitanda ni mhariri. Kwa yenu labda ni yule msee mmoja anayejua kuandika programu, au fundi wa mwisho wa kushona, au mwenye gari la kupeleka mizigo. Mtafuteni kwanza huyo. Namba ya timu nzima inatoka kwake. Haitoki kwa yule anayejua kuongea na wateja.

Na hapa nafika kwa jambo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu ndilo linaua bodi nyingi. Kwa timu nyingi, anayeleta kazi ndiye bosi, na anayelemewa ni mdogo wake. Bodi inachorwa, namba inaandikwa, halafu baada ya siku tatu bosi anakuja na "hii ni ya mjomba, iingizeni tu". Kesho ni ya rafiki wa mheshimiwa. Keshokutwa ni ya shangazi wa kanisani, ya bure, na ya haraka. Yule mdogo atasema nini? Kwa heshima za kwetu humwambii mkubwa "hapana" mbele ya watu. Anasema "sawa bosi", anabandika kikaratasi, na namba imekufa.

Kwa hivyo namba inayomfunga mdogo peke yake ni ya bure. Sisi tulimpa bosi nafasi moja ya kazi ya haraka. Moja, kwa kadi ya rangi ya chungwa. Akiitumia kwa mjomba, imeenda, mpaka hiyo kazi iishe. Akitaka kuingiza nyingine, yeye mwenyewe kwa mkono wake anatoa kadi moja iliyo ukutani, na yeye mwenyewe anampigia mwenye hiyo kadi kumwambia amesongezwa nyuma. Mkiweka hilo sharti la simu mtashangaa jinsi kazi za haraka zinavyopungua. Wajomba wetu siku hizi wana subira sana. Na uzuri wake ni kwamba hakuna mtu anayehitaji kumkosea mkubwa heshima. Ukuta ndio unasema, na ukuta hauna umri.

Mambo haya hata makampuni makubwa yaliyafikia kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2004 David Anderson, mtu aliyeipeleka Kanban kwenye kazi ya programu, alisaidia timu moja ya Microsoft. Waandishi wa programu walikuwa Hyderabad, India, na wenye kutoa oda walikuwa Marekani. Wafanyakazi hawakuwa wabaya. Walikuwa wanakatizwa kila mara kutoa makadirio ya kazi ambazo nyingine hazingefanywa kamwe, na sehemu kubwa ya nguvu zao iliishia hapo. Wakaacha makadirio, wakaweka kikomo cha kazi zilizo ndani, na kazi mpya ikawa inachukuliwa tu nafasi ikipatikana. Ombi lililokuwa likichukua miezi mitano hivi likaanza kuchukua wiki chache tu.  Nikisoma habari hiyo niliona Embu na Meru, ila wao hawakuwa na matatu ya kubeba diski.

Na makadirio yanatumaliza hata sisi. "Itachukua siku ngapi?" Mhariri anaacha kazi, anaangalia video ya dakika tisini, anasema siku nne, mteja anaandika siku nne kwa moyo wake, stima inapotea siku mbili. Sasa tunajibu kwa rekodi: kazi za aina hii zimekuwa zikichukua wiki mbili tangu ziingie. Kila kadi ina tarehe ya kuingia na ya kutoka, unatoa, unapata wastani. Mteja anaamini tarehe za ukutani kuliko uso wako.

Jambo lingine ambalo sijaliona kwa picha zenu: safu ya mwisho imeandikwa "Imeisha". Imeisha kwa nani? Video iliyotumwa na haijalipwa bado inakula diski, bado inakula akili, bado ni simu tatu za kufuatilia. Yetu ya mwisho inaitwa "Imelipwa", na kabla yake kuna "Mteja anaangalia". Kadi zilizo kwa mteja tunazihesabu ndani ya zile sita, na hapo tulibishana sana, kwa sababu bosi aliona si haki kufungiwa na mtu aliyenyamaza. Mimi naona ndiyo maana yake hasa. Zisipohesabiwa, zinageuka kuwa kabati la kufichia kazi. Zikihesabiwa, siku ya tano ya kimya kila mtu ofisini anataka huyo mteja apigiwe, hata yule anayechukia simu. Pesa yetu nyingi ilikuwa imekaa kwa hiyo safu tu, ikingoja mtu aseme "umeiona?"

Na tafadhali, msitumie bodi kuhesabu watu. Nimeona timu zimeandika majina juu, kila mtu na safu yake, na bosi anapita asubuhi akiuliza mbona wewe una kadi mbili na mwenzako ana tano. Siku hiyo hiyo watu wanaanza kukata kazi moja vipande vinne ili waonekane. Bodi inaangalia kazi imekwama wapi. Ukiitumia kuangalia nani amekaa, utapata ofisi ya watu waliosimama.

Kuhusu programu za simu, Trello na ndugu zake, sina ugomvi nazo, zina kazi yake kwa timu zilizotawanyika. Sisi tulijaribu na tukarudi ukutani. Kwenye simu kadi ya kumi na moja haikuudhi, unateleza kidole tu. Ukutani inakuudhi kila ukipita kuchukua chai. Saa mbili na nusu asubuhi napiga picha ya ukuta natuma kwa kikundi cha WhatsApp, Embu wanaona, dakika kumi tunaongea, tukianzia kulia, kwa kazi iliyo karibu na pesa, tukirudi kushoto. Anayetaka kuzungumzia kazi mpya anangoja zamu yake, na mara nyingi muda unaisha kabla haijafika. Ni makusudi.

Dada wa kuhariri bado yuko. Ile barua ya Nairobi ilijibiwa, akaitwa kwa mahojiano, akaenda, akarudi akasema kule wana kazi ishirini zimefunguliwa na hakuna anayejua ni ngapi. Sijui atakaa mpaka lini, na si haki yangu kumwomba akae. Ila Ijumaa iliyopita alitoka saa kumi na moja jioni, meza yake ikiwa na kazi moja tu, na akaenda nyumbani bila kuniuliza kama ni sawa.

Sasa msimu wa harusi unakuja na bosi ameona diski kwa bei nzuri. Anataka tununue ya nne, "hii moja tu". Embu wanamuunga mkono kwa sababu wao wana nafasi na kamera imelala. Mimi nimesema tukiwa na pesa hiyo tumtafutie mhariri msaidizi wa siku tatu kwa wiki, kwanza aanze na kazi ndogo za maduka, ndiyo tuongee kuhusu diski. Kura ni tatu kwa moja na mhariri bado hajasema. Kikao ni Jumatatu.